Kufuga chaza wakubwa katika tangi la nyumbani hapa Arusha

Chaza wangu wa kwanza nilimuua kwa mkono wangu. Nilikuwa nimemweka juu ya mwamba ndani ya tangi la maji ya chumvi, na baada ya wiki mbili nikaona angependeza zaidi upande wa mbele, ambako wageni wangemwona kwa urahisi. Nikamshika na kumng'oa. Sikujua kwamba chini ya magamba, karibu na bawaba, kuna uwazi ambamo chaza hutoa nyuzi za kujishikizia mwambani, na kwamba nyuzi hizo zimeungana na mwili wake, hivyo kumvuta ni kumchana kutoka ndani. Alikaa siku nne akiwa ameachama, hata nilipopitisha kivuli cha mkono juu yake hakujifunga, kisha akafa.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeniuliza aanze na nini humwambia atafute kwanza jiwe bapa lenye ukubwa wa kiganja. Chaza mgeni akiwekwa juu ya jiwe hilo atajishikiza hapo, na siku ukihitaji kumhamisha utahamisha jiwe, si mnyama. Utahitaji kumhamisha kweli, kwa sababu ya mwanga. Chakula chake kikuu hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya ule utando wa nyama wenye rangi anaoutandaza nje ya magamba, na mwani huo hautendi kazi bila mwanga mkali. Hata hivyo, chaza aliyetoka safarini akipigwa ghafla na taa kali hupauka. Mimi huanzia chini ya tangi, kisha humpandisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu. Kati ya aina za chaza wakubwa, Tridacna maxima hudai mwanga mwingi zaidi kuliko Tridacna squamosa, na kwa anayeanza ningependekeza huyu wa pili.

Aina zote mbili zinapatikana katika bahari yetu, lakini hilo lisikushawishi kwenda kumbandua mmoja kwenye matumbawe. Biashara yao ya kimataifa inasimamiwa chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo anayekuuzia chaza kutoka nje ya nchi akuoneshe kibali. Chagua aliyezalishwa kwenye shamba la kufugia chaza.

Kwetu huku bara, shida kubwa ni maji na umeme. Maji ya bomba ya Arusha yana madini ya floraidi, yale yaliyowapaka wengi wetu meno rangi ya kahawia, pamoja na mengine usiyoyajua, na kila maji ya tangi yanapopungua kwa mvuke ukaongeza ya bomba, madini hayo yanabaki na kujilimbikiza. Nilinunua chujio la RO, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia madini, kabla ya kununua chumvi ya bahari, na sijutii. Kinachopungua kwa mvuke hurudishwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kamwe si kwa maji ya chumvi, ili uzito linganishi, yaani kipimo cha wingi wa chumvi majini, ubaki 1.025 hivi. Joto nalishikilia kati ya nyuzi 24 na 27, na mwezi wa Julai hita haipumziki.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza si giza. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kuliko yale ya Tanga au Dar es Salaam. Pampu ikisimama usiku, samaki, matumbawe na chaza wanagombania kidogo kilichopo. Pampu moja ndogo inayotumia betri inatosha. Taa zinaweza kusubiri.

Kuhusu chakula, katika tangi lenye samaki sijawahi kumlisha chaza kitu cha ziada, kwa kuwa uchafu wa samaki humpatia nitrojeni. Maji yasiyo na nitrati kabisa, yaani nitrojeni hiyo ikiwa imeyeyuka majini, humdhoofisha. Mimi huridhika na miligramu 2 hadi 10 kwa lita. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na alkali iwe 8 hadi 10 kwa kipimo chake kiitwacho dKH. Ukingo wa gamba ukionesha mstari mpya mweupe, anakua. Mstari huo ukikoma kuonekana, pima vitu hivyo viwili kwanza. Dawa ya samaki yenye shaba isiingie tangini hata tone.

Jambo la mwisho hufanyika usiku. Kuna konokono weupe, wadogo kama punje ya mchele, ambao hutoka gizani na kumfyonza chaza kwenye ukingo wa utando na kwenye ule uwazi wa chini. Kila chaza mpya namkagua kwa tochi, naliinua jiwe lake na kumsugua magamba kwa mswaki laini, kisha narudia baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai yao hubaki yamenata kwenye gamba hata baada ya konokono wenyewe kuondolewa.