Jibu: Je, mbwa mpole aliyeachwa atalinda boma?

Ndugu, umeuliza iwapo yule mbwa wa kahawia aliyeachwa na wenyewe walipohama, ambaye sasa anasubiri mlezi katika kituo cha hapa Nakuru, atafaa kulinda boma ilhali humkimbilia kila mgeni akitikisa mkia. Mimi nilimchukua wa aina hiyo, na upole wake usikutie shaka: mbwa huanza kulinda akishapajua kwake, na hilo huchukua majuma kadhaa. Wangu alijificha wiki nzima nyuma ya pipa la maji, ugali na omena akila usiku tu watu wakishalala (jirani alidhani nimepewa mgonjwa). Mwezi wa pili ndipo alipoanza kuzibwekea pikipiki zilizokaribia lango. Kabla ya kumchukua, omba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, na uulize kama amehasiwa na kupewa dawa ya minyoo. Usimfunge mnyororo mchana kutwa, kwani hilo huweza kumfanya mbwa mpole awe mkali ovyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa. Huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.