Uvimbe wa shingo, Kasulu

Pole dada. Shingo imevimba, mnakula ugali wa muhogo kila siku na chumvi ya kupimiwa sokoni, nawe unahofia kwamba maji ya kisima ndiyo chanzo. Mimi ningeanza na chumvi, kwani upungufu wa madini joto (ayodini) huvimbisha tezi ya shingo: nunua ya pakiti yenye madini hayo, itie chakula kikikaribia kuiva. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Dagaa wa ziwani hawatoshi. Samaki wa baharini ndio wenye madini joto mengi.

Muhogo mchungu uloweke siku kadhaa, uanike ukauke kabisa. Sumu ya muhogo (sianidi) inayobaki hugeuka kemikali iitwayo thiosianeti mwilini na kuizuia tezi kuchukua madini joto. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo.

Matone ya ayodini usijinywee, yanaweza kuivuruga tezi zaidi. Nenda hospitali upimwe TSH, homoni ya damuni inayoonyesha tezi inavyofanya kazi. Ukipumua au kumeza kwa shida, au una mimba, nenda leo.