Kwa Wanaoanza Kazi Redioni Saint-Boniface

Ndugu zangu mliotoka Bukavu, Bujumbura au Kigali na kupata nafasi katika redio ya umma ya Kifaransa, Radio-Canada, huku jimbo la Manitoba nchini Kanada, Kifaransa chenu hakitawaangusha. Kitakachowasumbua ni kumjua msikilizaji. Mimi nilifika nikidhani kwamba, kwa kuwa Radio-Canada ni ya taifa zima na makao ya matangazo yake ya Kifaransa yako Montréal, basi anayesikiliza huku anasikiliza kama wa kule. Ilinichukua misimu miwili ya baridi kuachana na dhana hiyo.

Anzeni na historia. CKSB, kituo cha Saint-Boniface, mtaa wa wasema Kifaransa mjini Winnipeg, kilianza kurusha matangazo tarehe 27 Mei 1946, kikiwa cha kwanza cha Kifaransa katika Kanada ya magharibi, kwa fedha za michango ya watu. Radio-Canada ilikinunua mwaka 1973. Sheria ya mwaka 1916 ilikuwa imewanyima watoto wa Manitoba masomo ya Kifaransa katika shule za umma, na wazee bado husimulia jinsi walimu walivyowaambia wanafunzi wafiche vitabu mkaguzi alipokaribia. Mtu ambaye wazazi wake walitoa fedha ili lugha yao isikike hewani hasikilizi redio kwa kupoteza muda. Hupima kila neno, na ukikosea jina la kijiji chake atapiga simu kabla kipindi hakijaisha.

Kosa langu lilikuwa la namba. Sisi tuliosomea Kongo tulirithi hesabu za Wabelgiji: sabini kwetu ni septante, na tisini ni nonante, ilhali huku husema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Asubuhi moja, theluji ikiyeyuka na Mto Rouge umejaa, nilisoma hewani kwamba route septante-cinq imefungwa. Barabara namba 75 ndiyo itokayo Winnipeg hadi mpaka wa Marekani, ikipita Sainte-Agathe, kijiji cha wasema Kifaransa kilichoingiliwa na maji katika mafuriko makubwa ya mwaka 1997. Mama mmoja mzee wa huko alipiga simu, akaniuliza kwa upole kabisa, “Kijana, ni barabara ipi hiyo?” Alikuwa ameelewa kila kitu isipokuwa neno lile moja, nalo ndilo alilolihitaji ili ajue kama mjukuu wake atoke kwenda kazini. Tangu siku hiyo naandika namba kwa maneno, soixante-quinze, kwenye karatasi ninayoingia nayo studio. Lafudhi yangu sijaibadili, wala hakuna aliyeniomba niibadili. Msichanganye mambo hayo mawili.

Angalieni pia saa, kwani Montréal iko mbele yetu kwa saa moja, na mwaliko ulioandikwa kule kuwa mazungumzo mtandaoni yataanza saa 1 jioni, kwetu maana yake ni saa 12 jioni. Majina ya vijiji, kama La Broquerie, Saint-Pierre-Jolys na Notre-Dame-de-Lourdes, jifunzeni kwa kuwasikiliza wenyeji, maana ramani haifundishi matamshi. Mkienda Saint-Laurent, kijiji cha Wametisi, yaani watu wa asili ya mchanganyiko wa wenyeji wa Kanada na Wazungu, mtakutana na Kifaransa ambacho hamjapata kukisikia popote. Mrekodini mzee jinsi anavyosema, na mnapohariri msikate maneno yake ili yafanane na ya mjini.

Jambo gumu zaidi ni kupata wageni wa kipindi. Wenye Kifaransa kama lugha ya mama ni takriban asilimia 3 tu ya wakazi wa jimbo, kwa hiyo ni rahisi mno kuwapigia simu watu walewale watano kila wiki, hadi msikilizaji awatambue kwa kikohozi. Wekeni daftari la majina, na kila mnayezungumza naye mwombeni awatajie mwingine ambaye hajawahi kuhojiwa.

Mtaona pia kwamba kila habari ya Afrika au ya wakimbizi inaelekezwa kwenye meza yenu, kwa nia njema. Zipokeeni, kwa sababu mnazijua, lakini ombeni na nyingine. Mimi niliomba bajeti ya kuondoa theluji barabarani, mada ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka, nayo ikanifikisha kwenye halmashauri za vijiji ambazo hadi leo hunipigia simu zenyewe mto unapoanza kupanda.