Katavi na Mahale mwezi wa nne? Sogeza mbele

Ndugu, umesema mwongozaji amekupa bei nzuri ya kutembelea hifadhi za taifa za Katavi na Mahale, magharibi mwa Tanzania, kwa Aprili, nanyi mko watano. Bei ni nzuri kwa sababu ni masika. Barabara za Katavi ni udongo mweusi unaonata, na wanyama wametawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Nendeni Agosti hadi Oktoba. Mto Katuma ukikauka, viboko hubanana kwenye vidimbwi vya tope, mgongo kwa mgongo, wakigombana mchana kutwa, na mamba wamejichimbia kwenye kingo. Harufu yake jiandaeni nayo!

Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o huzipenda mno. Vaeni kaki.

Mahale ni habari nyingine. Hakuna barabara ndani ya hifadhi. Mnafika kwa boti Ziwa Tanganyika, kisha sokwe mnawafuata kwa miguu, milimani. Mkiwapata mnakaa nao saa moja tu, mmevaa barakoa, kwa umbali wa mita kumi. Mwenye mafua abaki kambini, maana magonjwa yetu yanawaua. Na kwa kuwa saa ni hiyo moja tu, siku moja haitoshi, tengeni angalau mbili.

Kabla ya kulipa, mwulize huyo mwongozaji: bei inajumuisha boti na viingilio? Gari likikwama, ana mawasiliano gani? Akijiumauma, tafuteni mwingine. Na bebeni vitambulisho vya taifa, kiingilio cha raia ni nafuu mno.