Usisaini lindo hujalizunguka

Wadogo zangu mnaoanza ulinzi, wengi wenu mnauliza kwanza habari za rungu na mwizi. Ulizeni habari za daftari la matukio. Mwizi unaweza kukaa miaka usikutane naye, lakini daftari utalishika kila zamu, na mali ikipotea ndilo litakalofunguliwa mbele ya mkaguzi na polisi.

Mwenzako anayetoka zamu amechoka, anawahi daladala. Atakwambia, "Kuko shwari, saini tu." Mwombe dakika chache mzunguke pamoja. Kila kufuli lishike kwa mkono, maana lililokatwa likarudishwa mahali pake ukilitazama kwa mbali linaonekana zima. Hesabu funguo na magari yaliyolala, angalia saitimira na taa zake, soma geji ya mafuta ya jenereta. Taa ikiwa imevunjika, andika imevunjika, naye asaini palepale. Akishaondoka bila kusaini, kasoro hiyo ni yako, na nimeona walinzi wakikatwa mshahara kwa vitu walivyovikuta vimeharibika.

Andika tukio linapotokea, pamoja na saa yake. Wanaojaza usiku mzima alfajiri hujulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, "shwari" kuanzia juu hadi chini.

Getini, ogopa zaidi kinachotoka. Mtu nadhifu atakuja na gari, akunyooshee simu: "Bosi huyu hapa, ongea naye." Usiipokee. Piga wewe, kwa namba uliyokabidhiwa lindoni. Akifoka kwamba humjui yeye nani, mjibu kwa upole, "Samahani mzee, naomba kibali cha kutolea mali." Na mwenye nyumba akikutuma vocha dukani, mweleze kwamba huruhusiwi kuacha lindo. Kukiibiwa, safari ile ya dukani haitakutetea.

Halafu haki zenu, ambazo naumia kuona zikipotea kimyakimya. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu, wala hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Zamu sita za saa 12 ni saa 72 kwa wiki. Pigeni hesabu wenyewe. Dai nakala ya mkataba, kisha nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uulize kama michango yako inafika, maana kuna wanaokatwa kila mwezi na kule hakuna kitu.