Mradi uwe na namba moja, tangu mpango hadi malipo ya mwisho

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuatilia mikataba ya ujenzi nilikabidhiwa mafaili ya daraja moja. Kwenye mpango wa bajeti daraja liliitwa kwa jina la mto. Tangazo la zabuni likaliita kwa jina la barabara, na hati za malipo zikaandika tu "kazi za awamu ya pili". Karatasi zote zilikuwa hadharani, kama sheria ilivyotaka. Hata hivyo ilinichukua wiki tatu kujiridhisha kwamba zinahusu daraja lile lile, na nilipomaliza kujumlisha malipo, mkandarasi alikuwa ameshaondoa mitambo yake.

Tangu hapo, ofisi ya umma ikiniuliza ianzie wapi kuweka wazi data za manunuzi yake, nawaambia: anzeni na namba. Mradi upewe namba yake siku unapoingia kwenye mpango, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye tangazo la zabuni, mkataba, kila hati ya malipo na hati ya makabidhiano. Tovuti yenye ramani za kupendeza inaweza kusubiri. Kuzipa namba kazi za miaka iliyopita ni mateso. Nimeifanya kazi hiyo na simtakii mwingine.

Hamna haja ya kubuni mfumo wenu. Kiwango cha Open Contracting Data Standard, yaani utaratibu wa kimataifa wa kupanga na kuchapisha data za mikataba ya umma, kilichotoka mwaka 2014, kinaugawa ununuzi katika hatua tano: mpango, zabuni, uteuzi wa mshindi, mkataba na utekelezaji. Lakini barabara moja huwa na mikataba kadhaa: wa usanifu, wa ujenzi, wa usimamizi. Ndiyo maana mwaka 2019 kikaja kiwango cha OC4IDS (Open Contracting for Infrastructure Data Standards), kinachouweka mradi juu na mikataba yake yote chini yake. Kwa miundombinu, tumieni hicho.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mabadiliko ya mkataba. Ofisi nyingi hutangaza bei ya mshindi kisha zikanyamaza, ilhali fedha huendelea kutembea baada ya saini: msingi umeongezwa kina, mwamba umekutwa, muda umesogezwa. Mengine ni halali kabisa, kwani ardhi haijulikani vizuri mpaka ichimbwe. Kwa hiyo chapisheni kila badiliko na tarehe yake, kiasi, sababu, na cheo cha aliyeliidhinisha. Kwenye lile daraja nilikuta mabadiliko manne, kila moja likiwa chini kidogo ya kiwango ambacho kingehitaji idhini ya bodi ya zabuni. Ukisoma moja moja, huoni kitu. Nilipoyapanga kwenye jedwali moja, yalishtua. Sikuwa na ushahidi wa wizi na sikumtuhumu mtu. Nilikuwa na swali, na ofisi ililazimika kulijibu kwa maandishi.

Jedwali lenyewe liwe la kompyuta, si picha ya karatasi iliyopigwa skani, maana picha haijumlishwi. Weka pia bei kwa kipimo, mfano mita moja ya ujazo ya zege, ili miradi ilinganishwe. Ila linganisha kwa uangalifu: umbali wa machimbo ya kokoto peke yake unaweza kupandisha bei bila hila yoyote.

Baada ya mshindi kutangazwa, zichapisheni na bei za walioshindwa. Mzabuni aliyekosa kazi anajua gharama ya kokoto kuliko mwandishi wa habari yeyote, naye ana sababu ya kusoma hadi mstari wa mwisho. Ukraine, ambako mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni uitwao ProZorro ulikuwa wa lazima kwa taasisi zote za umma kufikia Agosti 2016, mtu yeyote anaweza kuona nani aliomba na kwa bei gani.

Mkipata nafasi ya kugusa sheria, itazameni Slovakia. Tangu Januari 2011, mkataba wa umma huko hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe mtandaoni. Hapo mkandarasi mwenyewe ndiye anayeikumbusha ofisi.

Makosa yatakuwepo mwanzoni, na wahasibu watataka msubiri mpaka kila kitu kinyooke. Msisubiri. Chapisheni, pokeeni masahihisho, andikeni tarehe ya kila sahihisho, na toleo la zamani msilifute.