Ukikaa kwa watu na wanao, angalia dakika kumi za kabla

Wiki hii mama mmoja ameniandikia. Nyumba yao inakarabatiwa, hivyo wamehamia kwa familia ya marafiki kwa miezi miwili: watu wazima wanne na watoto watano chini ya paa moja. Watoto wa wenyeji wakiambiwa wakaoge, wanakwenda. Wa kwake wanalia na kujificha. Amefikia uamuzi kwamba yeye ndiye mzazi aliyeshindwa. Sikubaliani naye hata kidogo, na ningependa kila mzazi aliye katika hali hiyo asome haya kabla ya kujihukumu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Utulivu wa watoto wale una mafundi wake, ila mafundi wenyewe wamezoea kazi yao mpaka hawaioni tena. Ukiwauliza wanafanyaje, watakujibu kwamba wanawaambia tu. Jibu hilo halitakusaidia. Kaa uangalie, na uandike.

Chukua daftari, chora safu nne: saa, kilichokuwa kikiendelea dakika kumi kabla, maneno yaliyosemwa na mara ngapi, na kilichofuata. Usijaribu kuandika siku nzima, utachoka kesho yake. Chagua vipindi vitatu ambavyo kelele huzaliwa: asubuhi kabla ya kutoka, jioni ya kuoga, na kwenda kulala. Andika kwa siku saba. Siku mbili au tatu za mwanzo usizihesabu, maana kila mtu bado yuko kwenye adabu ya ugeni, wenyeji kwa wageni.

Safu ya pili na ya tatu ndizo zitakazokufungua macho. Mara nyingi utakuta kwamba mzazi mwenyeji hakuanza kusema wakati wa kuoga ulipofika. Alipita mapema, akasema kwamba mchezo ule ukiisha ni kuoga. Ulipoisha alirudi, akamkaribia mtoto mpaka umbali wa kumgusa, akamwita jina, akangoja atazamwe, ndipo akasema, mara moja. Wewe ulikuwa chumba kingine, simu mkononi, ukapaza sauti mara tano, na ya tano ndiyo uliyoinuka nayo. Mtoto wako hajakaidi. Amehesabu vizuri: amejifunza kwamba nne za mwanzo si za kweli.

Angalia pia mpangilio wa mambo. Kama kuoga kunakuja kabla ya runinga, mtoto anaoga ili aifikie. Kama kunakuja baada yake, unamtoa kwenye raha kumpeleka kwenye kazi, na atalia hata akiwa na tabia njema kuliko wote. Tazama na vitu vidogo: taulo na nguo safi vimekaa wapi? Mtoto anayetoka majini na kusimama akitetemeka huku nguo zikitafutwa, kesho atakuwa na sababu nzuri ya kukataa.

Kisha hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, za mchana zikiwemo. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto wa miaka 4 anayelala saa mbili usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi amepata saa 10. Aliyelala saa nne amepata 8, na asipolala mchana ataianza siku akiwa na deni. Mengi tunayoyaita utukutu ni usingizi uliopungua, na inaniuma kuona watoto wakiadhibiwa kwa uchovu.

Ila ulinganisho wenyewe hauna haki. Mtoto wako amepoteza chumba, kitanda na njia ya kwenda msalani gizani. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kukung'ang'ania, kuamka usiku. Usimwaibishe. Weka kitambaa kisichopitisha maji chini ya shuka, acha taa ndogo njiani, na urudie hatua zilezile za kulala mlizokuwa nazo kwenu kwa mfuatano uleule. Shuka lake la zamani usilifue siku ya kuhama. Harufu yake inamtuliza. Mara nyingi mambo hutulia ndani ya wiki chache. Akianza kukojoa huku akilalamika maumivu au akinywa maji kupita kawaida, mpeleke kwa daktari, usilaumu kuhama.

Mtoto wa wenyeji naye amepoteza. Akinyang'anya mwanasesere ambao hajaugusa tangu mwaka jana, anatetea mahali pake. Mpe kila mtoto sanduku moja la vitu visivyoazimwa, kisha vilivyobaki viwe vya wote. Sanduku moja, si chumba kizima.

Usiku wa kwanza, watoto wakilala, watu wazima wakae nusu saa. Msiruke kikao hiki kwa kuoneana haya. Kubalianeni kwamba mtu mzima yeyote anaweza kumzuia mtoto yeyote kwenye hatari, lakini kumrekebisha ni kazi ya mzazi wake, na hakuna anayempiga mtoto wa mwenzake. Kubalianeni saa za kulala, simu na runinga, na nani anasema ndiyo pale wazazi wawili wanapojibu tofauti. Mkiwa bado na nguvu, zungukeni nyumba mkiwa mmepiga magoti, kwa kimo cha mtoto. Nyumba huwa salama kwa umri wa watoto wake. Kama mdogo wa wenyeji ana miaka 8 na wako ana 2, dawa zitakuwa kando ya kitanda, na betri ndogo za duara kama vifungo zitakuwa kwenye droo ya chini. Betri hizo zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

Kosa kubwa kuliko yote, na hapa sitapunguza maneno, ni kumwadhibu mtoto kwa ajili ya macho ya wenyeji. Kwenu akimwaga maji unampa kitambaa afute. Hapa unamfokea mbele za watu ili waone kwamba unalea. Mtoto anatambua mara moja kwamba sheria imebadilika kwa sababu ya watazamaji, na kwamba katika nyumba ngeni hata wewe hauko upande wake. Mchukue pembeni, inama, sema yaleyale ambayo ungesema kwenu, kwa sauti ileile. Mzazi anayefanya hivyo mbele ya wenyeji wenye watoto watulivu anahitaji ujasiri, na ujasiri huo tunawiwa na watoto wetu.

Mkirudi kwenu, chukua jambo moja tu. Wengi huchukua matano, kwa wiki moja nyumba inafanana na bweni, kisha yote yanaanguka. Wengine huchukua maneno ya wenyeji bila mpangilio uliokuwa nyuma yake, wakasema mara moja lakini kutoka jikoni. Kama umechagua kuhamisha kuoga kuje kabla ya runinga, lihamishe hilo peke yake na ulivumilie kwa wiki tatu. Kilio kitapanda kabla ya kushuka. Aliyezoea kupewa akilia mara ya tano, sasa atajaribu ya nane. Ukilegea kwenye ya nane, umemfundisha nane.

Wiki ya mwisho, kabla hamjafunga mizigo, waulize wenyeji maswali matatu kuhusu mtoto wako: ni saa ngapi huwa mchangamfu zaidi, nani kati ya watu wazima humsikiliza upesi na wapi, na amefanya nini kizuri ukiwa haupo. La tatu liandike neno kwa neno. Wao wamemwona akimgawia mdogo wa nyumba ile chakula chake, au akimngoja mlangoni wakati wewe uko kazini, na daftari lako halina safu ya mambo hayo.